Tanga na Hema Katika Ziwa Superior

Superior, ziwa lililo mpakani mwa Marekani na Kanada, lina eneo la kilomita za mraba 82,100 hivi. Miongoni mwa maziwa yasiyo na chumvi hakuna linalolipita kwa upana, na Victoria letu ndilo linalolifuata. Hata hivyo, aliyezoea Victoria asidhani amekwisha kulijua Superior. Kina cha wastani cha Victoria ni mita 40. Cha Superior ni mita 147. Kiangazi kifupi cha kaskazini hakitoshi kuyapasha moto maji mengi kiasi hicho. Mwezi Juni watu hutembea ufukweni na kaptura, ilhali maji ya mbali na pwani bado yana nyuzijoto 4 hivi za Selsiasi.

Huko ndiko wapenzi wa mashua ndogo huenda kupumzika: mchana wanatweka tanga, jioni wanapiga hema kisiwani. Mahali panapopendwa sana ni visiwa vya Apostle, upande wa Wisconsin. Viko 22, na 21 kati yake vimo katika hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1970. Kibali cha kupiga kambi hutolewa na hifadhi hiyo.

Mashua yenyewe haihitaji kuwa kubwa. Wayfarer, iliyosanifiwa na Mwingereza Ian Proctor mwaka 1957, ina urefu wa mita 4.82 na sakafu inayotosha watu wawili kulala chini ya turubai. Badala ya mkuku mzito ina ubao unaopandishwa, kwa hiyo husogea hadi maji ya magotini. Mwaka 1963 Frank Dye alisafiri na yake kutoka Uskoti hadi Iceland. Namvulia kofia, lakini mtu anayekwenda likizo asimwige.

Baharini kwetu chombo kikipinduka, baharia hukiinua, akafua maji, akaendelea na safari. Superior halikupi nafasi hiyo kirahisi. Gordon Giesbrecht, mtafiti wa Kanada, ameueneza muhtasari mwepesi kukumbuka: dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika ya kwanza mwili unashtuka na pumzi zinakatika. Ukivuta pumzi kichwa kikiwa chini ya maji, umekwisha. Dakika 10 zinazofuata ndizo ambazo vidole bado vinaweza kushika kamba. Baada ya hapo mikono haitii tena. Kuzimia kwa baridi huja baada ya saa nzima hivi, lakini wengi hufa maji mapema zaidi, kwa sababu hawakuvaa jaketi okozi. Kwa hiyo huvai kwa kutazama jua, unavaa kwa kutazama maji: suti isiyopenyeza maji, na jaketi likiwa mwilini tangu unapong'oa nanga. Likiwa chini ya benchi ni mzigo tu.

Kinachofuata kwa uzito ni kuchagua pa kulala. Chukua kisiwa cha Stockton, kimojawapo cha visiwa hivyo vya Apostle. Ghuba ya Presque Isle inaelekea kusini-magharibi, na upepo wa upande huo ukizidi, mawimbi huingia moja kwa moja. Ng'ambo ya rasi, mwendo mfupi kwa miguu, iko ghuba ya Julian inayotazama mashariki, na huko maji huwa yametulia. Upepo ukigeuka kuwa wa kaskazini-mashariki, ambao huja juu ya masafa marefu ya maji matupu, hali inakuwa kinyume. Baharia mzuri huuliza usiku upepo utatoka wapi, hata kama machweo yanavutia.

Superior halina kupwa na kujaa kwa kuonekana, lakini upepo na mgandamizo wa hewa huweza kupandisha maji ghafla. Mashua ivutwe juu na kufungwa mtini. Stockton ina dubu weusi pia, kwa hiyo chakula kisilale hemani.

Katika ratiba yako acha siku za kungoja, kwani anayelazimika kurudi kazini Jumatatu ndiye anayevuka Jumapili asipopaswa kuvuka. Beba redio ya VHF ya mkononi. Walinzi wa pwani wa Marekani husikiliza chaneli 16. Simu usiitegemee, maana visiwani mtandao hukatika.