"Nisaidie Dakika Mbili" Huchukua Zaidi ya Dakika Mbili

Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Johanna Westbrook walichapisha uchunguzi uliofanyika katika hospitali mbili za Sydney, Australia. Waliwafuatilia wauguzi 98 wakiandaa na kuwapa wagonjwa dawa, zaidi ya mara 4,000, na kuandika kila walipokatizwa. Kila katizo liliandamana na ongezeko la takriban asilimia 12 la makosa ya utaratibu, kama kutohakiki jina la mgonjwa, na kiasi kama hicho cha makosa ya dawa yenyewe, kama kukosea kipimo.

Wodini, anayekukatiza mara nyingi ni mwenzako anayeulizia ufunguo wa kabati au faili la kitanda cha nne, na nia yake ni njema. Ofisini hali ni hiyohiyo. Mhasibu anafunga hesabu za mwezi zinazotakiwa kabla ya saa kumi jioni, na jirani yake anageuka: "Dada, samahani, nisaidie dakika mbili, fomula imenigomea." Kumsaidia ni jambo jema. Kinachogharimu ni ule wakati wa kurudi kwenye kazi yako.

Kumbukumbu ya muda mfupi ina nafasi finyu. Inashika mambo machache kwa wakati mmoja: risiti uliyokuwa unaioanisha, jumla uliyofikia, hatua inayofuata. Ukihamia tatizo la mwenzako, hayo yanasukumwa pembeni. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anayeacha kazi kabla haijaisha hubaki na masalia yake akilini, na masalia hayo hupunguza ubora wa kazi anayoishika. Kwa hiyo wanaoumia ni wawili: hesabu zako zinachelewa, na mwenzako anapewa nusu ya akili yako.

Kuna matokeo mengine yanayonishtua zaidi. Mwaka 2008 Gloria Mark na wenzake waligundua kwamba watu waliokatizwa walimaliza kazi haraka kuliko wasiokatizwa, kwa kuwa walikimbizana kufidia muda. Lakini walikuwa na msongo zaidi na walihisi wamelemewa zaidi. Bosi anayeangalia tarehe ya kukabidhi pekee hataliona hilo. Ripoti imefika, basi kila kitu kiko sawa! Mwili wa aliyeiandika unajua vingine.

Sikubaliani na ushauri wa kujifunza kusema hapana kwa kila mtu. Ofisi ambayo hakuna anayemwinukia mwenzake haikaliki, na mgeni wa kazi atajifunza kwa nani? Lililo muhimu ni kuchagua saa ya kusaidia. "Kaka, niachie mpaka saa nane, nikikabidhi hii nakuja mezani kwako" ni jibu la heshima, mradi saa nane ufike kweli. Na kama jambo haliwezi kungoja, Leroy na Theresa Glomb walionyesha mwaka 2018 kinga rahisi: kabla hujainuka, andika kwa kifupi umefikia wapi na utaanzia wapi ukirudi. Akili ikijua kazi imewekewa alama, inaachia.

Hata hivyo, mtu mmoja hawezi kujilinda peke yake. Leslie Perlow, katika utafiti wa mwaka 1999 kuhusu wahandisi wa programu nchini Marekani, alieleza jaribio ambalo timu nzima ilikubaliana kutokatizana asubuhi hadi saa sita mchana, siku tatu kwa wiki. Maswali yalikusanywa hadi mchana, na wahandisi wengi waliona kazi yao ikienda vizuri zaidi. Lakini jaribio lilipoisha, mazoea ya zamani yalirudi, kwa sababu wakubwa waliendelea kumsifu yule anayeonekana kuzima moto kila saa. Mkuu wa idara anayetaka ripoti zifike kwa wakati aanzie hapo: asubuhi zipi zina utulivu, na je, yeye mwenyewe anaziheshimu anapoinua simu?