Safari ya Andes, Sehemu ya Tatu: Ayacucho na Masanduku Yake

Wiki iliyopita tuliishia Cusco, mji ambao karibu kila mgeni wa Peru huukimbilia. Leo tugeukie magharibi, hadi Ayacucho, mji ulio kwenye mwinuko wa meta 2,760 hivi. Wageni wanaofika huko si wengi, nami naona hasara ni yao. Anayetaka kujua watu wa milima hii walivyotunza habari zao kwa udongo, uzi na mbao aanzie hapa.

Kabla ya Wainka walikuwapo Wawari. Mji wao mkuu, Huari, ulikuwa kaskazini ya Ayacucho ya leo, na kuta zake ndefu za mawe bado zinaonekana katikati ya mimea ya mpungate. Kati ya mwaka 600 na 1000 hivi walitawala sehemu kubwa ya nyanda za juu na pwani ya Peru. Barabara, matuta ya kilimo na hesabu za kamba zenye mafundo, ambavyo wengi huvihesabu kuwa ugunduzi wa Wainka, Wawari walikuwa navyo karne kadhaa mapema. Huko Conchopata, jirani na uwanja wa ndege, wachimbuzi walikuta mitungi mikubwa iliyochorwa miungu kwa ustadi, kisha ikavunjwa makusudi katika ibada na kuzikwa.

Wahispania waliuanzisha mji wao hapa mwaka 1540, wakauita Huamanga. Walijenga makanisa mengi, ambayo wenyeji husema ni 33, moja kwa kila mwaka wa uhai wa Yesu. Alfajiri ya Jumapili ya Pasaka, jukwaa kubwa jeupe lenye umbo la piramidi, limejaa mishumaa, hutolewa kanisa kuu likiwa mabegani mwa mamia ya watu.

Tarehe 9 Desemba 1824, kwenye uwanda wa Quinua, jirani na mji huu, jeshi la wapigania uhuru la Antonio José de Sucre lililishinda jeshi la mfalme wa Hispania lililokuwa kubwa zaidi, na gavana mkuu José de la Serna akatekwa akiwa amejeruhiwa. Ndiyo vita kubwa ya mwisho ya ukombozi wa Amerika ya Kusini. Mnara wa meta 44 umesimama pale, meta moja kwa kila mwaka tangu maasi ya Túpac Amaru wa Pili mwaka 1780. Mnara hauelezi kwamba askari wengi wa mfalme walikuwa wenyeji wa Andes, wala kwamba wakulima wa milima ya Huanta waliendelea kuipinga jamhuri hadi mwaka 1828. Uhuru haukupokewa kwa namna moja, na wakulima hao walikuwa na sababu zao, kodi ikiwa mojawapo.

Sasa tuje kwenye kile ninachokithamini kupita vyote: masanduku ya Ayacucho, yaitwayo retablo. Ni kabati dogo la mbao lenye milango miwili iliyopakwa maua. Ndani yake husimama vinyago vidogo vilivyofinyangwa kwa jasi iliyochanganywa na kiazi kilichopondwa. Zamani wafugaji waliyatumia katika sherehe ya kuwatia mifugo alama. Ghorofa ya juu walikaa watakatifu walinzi wa wanyama, Marko wa ng'ombe na Yohana wa kondoo, na ya chini walikaa wachungaji wenyewe. Katika miaka ya 1940 mchoraji Alicia Bustamante wa Lima alimhimiza fundi Joaquín López Antay aingize humo maisha ya kila siku: mavuno, harusi, soko. López Antay alipopewa tuzo ya taifa ya utamaduni ya mwaka 1975, baadhi ya wachoraji wa Lima walilalamika kwamba kazi yake si sanaa. Walikosea sana, na miaka iliyofuata ilionyesha hivyo.

Mwezi Mei 1980 kundi la waasi la Sendero Luminoso, lililoongozwa na Abimael Guzmán, aliyekuwa mwalimu wa falsafa katika chuo kikuu cha mji huu, lilichoma masanduku ya kura kijijini Chuschi. Vita vilivyofuata kati yake na serikali viliua watu wanaokadiriwa na Tume ya Ukweli kufikia 69,280, wengi wao wasemaji wa Kikechua. Zaidi ya asilimia 40 ya waliothibitishwa kuuawa au kupotea ni wa mkoa huu mmoja wa Ayacucho. Mafundi hawakukaa kimya. Edilberto Jiménez aliweka ndani ya retablo mauaji, upekuzi wa usiku na makaburi ya pamoja.

Akina mama nao walisimama. Mwaka 1983 Angélica Mendoza, ambaye mwanawe alichukuliwa na wanajeshi, aliungana na wenzake kuunda chama cha ndugu wa waliotekwa, ANFASEP. Jirani na kambi ya jeshi ya Los Cabitos, mjini hapa, yalifukuliwa baadaye mabaki ya watu zaidi ya 100. Mahakama iliwahukumu maofisa wawili wa zamani wa jeshi kwa uhalifu wa kambi hiyo Agosti 2017, na Mama Angélica akafariki mwezi huohuo, mwanawe akiwa bado hajapatikana.

Chama chake kina makumbusho mjini, yenye nguo na picha za waliopotea. Mgeni na aanzie hapo, ndipo aende mtaa wa Santa Ana kwa wafumaji, na Quinua kwa wafinyanzi. Kutoka Lima kwa basi ni safari ya kutwa au usiku kucha, na njia hupita mlimani penye zaidi ya meta 4,700, hivyo achukue nguo nzito. Wiki ijayo tutashuka kusini hadi Pampa Galeras.