Dawa ya maumivu na taka zake

Wengi wetu tukiumwa na kichwa au viungo humeza ibuprofeni. Dawa hii iligunduliwa na kampuni ya Boots nchini Uingereza mwaka wa 1961. Kuitengeneza kulihitaji hatua 6, na zaidi ya nusu ya uzani wa malighafi iliishia kuwa taka. Taka za kemikali zikiingia mtoni, humrudia binadamu kupitia maji na samaki.

Mwaka wa 1992 kiwanda kimoja nchini Marekani kilianza kutumia hatua 3 tu. Asilimia 77 ya malighafi ikawa dawa. Dawa ni ile ile, taka zimepungua. Hii ndiyo kemia ya kijani: kinga ni bora kuliko tiba.

Nawe msomaji, vidonge vikibaki usivitupe chooni. Muulize mfamasia.