Funza wa Miguuni

Funza, aitwaye pia tekenya, si mdudu wa asili yetu. Aliletwa na meli kutoka Amerika ya Kusini hata Angola mwaka 1872, akavuka bara pamoja na misafara. Jike huingia ngozini, huvimba kama punje ya njegere, na mayai yake huanguka mavumbini.

Twawasihi wazazi wasimchokoe kwa pini: pini chafu huleta pepopunda, na pini moja kwa watu wengi yaweza kueneza Ukimwi. Osheni miguu kwa sabuni, kisha ulizeni zahanati mafuta ya dimethikoni, ambayo humziba funza pumzi. Sakafu ya vumbi ikandikwe, na miguu ivikwe viatu.

Walimu, mtoto mwenye funza asichekwe, asije akaikimbia shule.