Kinga ianzie wodi ya wazazi

Mama aliyejifungua akiulizia uzazi wa mpango, mara nyingi huambiwa arudi baada ya siku arobaini. Akirudi, amempeleka mtoto chanjo. Chumba cha uzazi wa mpango kina foleni yake, na pengine siku yake. Huondoka mikono mitupu.

Wengi hujipa moyo kwamba hawajaona hedhi. Lakini yai hutangulia, hedhi hufuata kama wiki mbili baadaye, hivyo asiyenyonyesha anaweza kushika mimba hata kabla ya wiki sita. Kunyonyesha hukinga kweli, kwa takriban asilimia 98, ikiwa mambo matatu yametimia kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, ananyonya tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Uji ukianza, hata kwa nia njema ya bibi, kinga hiyo haitegemewi tena.

Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine. Mimba zinazofuatana upesi huongeza hatari ya upungufu wa damu kwa mama na ya kuzaa njiti.

Kitanzi cha shaba kinaweza kuwekwa mara kondo la nyuma linapotoka, au ndani ya saa 48. Saa hizo zikipita, husubiriwa wiki nne. Kikiwekwa mapema, uwezekano wa kutoka chenyewe ni mkubwa zaidi, na mama ana haki ya kuelezwa hilo. Vijiti navyo vinaweza kuwekwa kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, hata kama ananyonyesha. Sindano ndiyo humsubirisha anayenyonyesha wiki sita, na vidonge vyenye vichocheo viwili miezi sita.

Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 81 ya uzazi hufanyika kwenye vituo vya afya, kutoka 63 mwaka 2015-16. Wanawake wamekwishafika mlangoni. Hata hivyo, leba si mahali pa kumshawishi mtu mwenye uchungu. Mazungumzo yafanyike kliniki ya wajawazito, mume akiwepo kama mama anapenda, na uamuzi wake uandikwe kwenye kadi. Siku akitaka kijiti kitolewe, kitolewe bila kugombezwa. Na mkunga wa zamu ya usiku afundishwe kuweka kitanzi, vifaa viwe leba, si kwenye kabati lililofungwa mpaka Jumatatu.