Kumbukumbu ya Kuazima

Askari yeyote aliyewahi kupanga mstari mbele ya ghala ajua kwamba posho ya vikosi vinne haiwezi kushibisha vitano. Hata hivyo mtunza ghala mwerevu huviahidi vyote, kwa kuwa ni nadra vyote kudai siku moja. Kompyuta nyingi kubwa za leo huendeshwa kwa ahadi ya namna hiyo, nasi twataka kueleza yatokeayo ahadi inapodaiwa.

Kompyuta moja ya chuma, tuiite mwenyeji, hubeba ndani yake kompyuta nyingi zisizo na chuma chao. Hao ni wageni. Jambo hili si la jana, maana IBM iliutoa mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972. Kila mgeni huambiwa ana kumbukumbu, tuseme gigabaiti 16, naye huamini. Wageni watano hufanya 80, na huenda mwenyeji ana 64 tu.

Kumbukumbu hugawanywa katika kurasa, aghalabu za baiti 4,096. Nafasi ikipungua, baadhi ya kurasa huhamishiwa katika faili la kubadilishia, lililo katika diski. Hapo ndipo taabu ianzapo. Kumbukumbu hujibu kwa nanosekunde kama 100. Diski ya kuzunguka huhitaji kama milisekunde 5, yaani mara 50,000 zaidi.

Tena, nani achague ukurasa wa kuondoka? Mwenyeji hajui upi una thamani kwa mgeni. Mwaka 2002 Carl Waldspurger wa VMware alikieleza kioja kimoja: mwenyeji huupeleka ukurasa diskini, kisha mgeni, asiyejua lolote, naye akaamua kuutoa ukurasa ule ule. Yabidi urudishwe kwanza ndipo uandikwe tena diskini!

Dawa aliyoieleza ni puto. Hii ni programu ndogo iliyowekwa ndani ya mgeni. Mwenyeji akiamuru, huomba kumbukumbu na kuishikilia bure. Mgeni akibanwa huachia mwenyewe kurasa asizozihitaji, na iliyoshikwa na puto humrudia mwenyeji. Kwa maoni yetu hiyo ni busara: heri mwenye sanduku alifungue mwenyewe kuliko kulivunja. Lakini puto halijai mara moja. Dharura ikizidi, mwenyeji hurudia faili lake.

Wenzetu wa ulinzi na walitazame faili hilo kwa jicho kali. Kumbukumbu husahau umeme ukizimika, diski haisahau. Ukurasa wenye neno la siri, au barua iliyokwisha fumbuliwa, ukifika huko huweza kusomwa na aliyeiiba diski. Kwa hiyo diski yote iandikwe kwa fumbo, maana mgeni naye ana faili lake la kubadilishia, na diski kuukuu ivunjwe kabla haijatoka kambini. Ama mgeni anayebeba mawasiliano ya dharura, ahakikishiwe kumbukumbu yake yote. Katika mfumo wa VMware, faili ambalo mwenyeji humwekea mgeni wa namna hiyo huwa na baiti sifuri.