Mgeni Katika Mtaa wa Lac Vert

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake, mgeni aingiapo nyumbani huja na heri yake, na wenyeji hufaidika kwa ajili yake. Wasomaji wapenzi, leo nawasimulia habari za siku ambayo methali hiyo ilipinduliwa: mgeni alifika, lakini aliyepona ni mgeni mwenyewe, tena kwa mkono wa mtoto.

Mwezi wa Julai mwaka 2017 nilikwenda Goma, mji mkuu wa Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, kumwamkia mwalimu mwenzangu ambaye tulisoma pamoja zamani. Nyumba yake ilikuwa Lac Vert, mtaa ulio magharibi mwa mji, upande wa barabara iendayo Sake. Jina hilo ni la Kifaransa, nalo lina maana ya Ziwa la Kijani. Mtaa umelipata kwa ajili ya ziwa dogo lililoko huko, si mbali na pwani ya Ziwa Kivu.

MJI ULIOJENGWA JUU YA MJI

Siku ya kwanza mwenyeji wangu alinipeleka kwanza katikati ya mji. “Ukitaka kufahamu mtaa wetu,” alisema, “anza kwa kutazama kilichowapata wengine.”

Tulipita Birere, karibu na mpaka wa Rwanda. Watu husema kwamba mahali hapo paliitwa hivyo kwa ajili ya majani makavu ya migomba, ambayo zamani yaliezekwa juu ya vibanda vya kwanza. Vijana walitupita mbio juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, wamepakia magunia ya makaa na viazi. Chini ya miguu yetu palikuwa na mawe meusi, makali kama vigae. Wenyeji huyaita makoro.

Mawe hayo yalikuwa moto siku moja. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo, wenye urefu wa meta 3,470, ulipasuka ubavuni. Uji wa moto ukateremka, ukakata mji katikati, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia ziwani. Watu mamia ya maelfu walikimbia, wengi wao wakivuka kwenda Rwanda. Na zaidi ya laki moja waliporudi hawakukuta nyumba. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliangamia pia. Kuta zilisimama, lakini mahali pa waamini palijaa mawe.

Na je, watu walifanya nini? Walijenga juu ya mawe yale yale. Niliona nyumba ambayo ghorofa yake ya chini imezama, na mlango umefunguliwa mahali palipokuwa dirisha. Nilistaajabu, nikadhani kwamba sasa nimekwisha kufahamu hatari ya Goma. Hatari ya Goma, nilijiambia, yatoka juu mlimani, yaonekana kwa macho, nayo ina moto na moshi. Kumbe nilikuwa sijajua nusu yake.

ONYO NILILOLIDHARAU

Usiku ule, tulipokwisha kula sambaza na ugali, mwenyeji wangu aliniambia, “Mwalimu, kesho usitoke peke yako kabla jua halijapanda. Hapa kwetu kuna mazuku.” Nikamwuliza mazuku ni kitu gani. Mkewe akajibu, “Ni pepo mbaya, shemeji. Zinatoka chini usiku, zinaua.”

Nilinyamaza kwa adabu, lakini moyoni nilicheka. Nilidhani ni hadithi za kutishia watoto. Mimi nilikuwa mtu niliyesoma!

Kulipopambazuka niliondoka kimya kimya, nikiwa na hamu ya kuliona ziwa. Sikwenda mbali. Kando ya njia palikuwa na bonde dogo, lisilopita kimo cha mtu mmoja na nusu, na ndani yake nikaona ndege mkubwa amelala juu ya majani, hana jeraha lolote. Nikaweka mguu mmoja ukingoni ili nishuke nimtazame.

“Mwalimu, usishuke!” Sauti ilitoka nyuma yangu. Nikageuka, nikamwona mtoto wa kiume wa miaka kumi hivi, ameshika bidoni ya maji. “Usishuke! Utalala, hutaamka.”

Nilimwambia kwamba sioni moshi wala sisikii harufu. Hakubishana nami. Aliniuliza kama nina kiberiti. Akakusanya majani makavu, akayafunga kwenye ncha ya fimbo ndefu, nami nikayawasha. Ndipo akalala kifudifudi ukingoni, akaiteremsha fimbo polepole. Moto uliwaka vizuri hata ukapita ukingo wa bonde. Mara ukazimika, kana kwamba umechovywa ndani ya maji. Lakini maji hayakuwapo. Palikuwa na ndege yule tu, na ukimya.

Mtoto akainuka, akajipangusa vumbi. “Dada yangu alishuka hapa kuwachumia sungura majani,” alisema. “Mama alitaka kumfuata. Majirani wakamshika kwa nguvu.” Kisha akachukua bidoni yake, akaenda zake ziwani.

MAZUKU NI NINI?

Wanafunzi wasomao habari hii wataka kujua sababu. Chini ya nchi ile moto wa volkano haujapoa, na kwa njia ya nyufa za mawe hutoka hewa ya kaboni, ile ile tunayoitoa sisi tupumuapo. Kidogo chake hakidhuru. Lakini hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo hutiririka kama maji na kutuama mabondeni. Haina rangi. Usiku, pasipo jua wala upepo wa kuitawanya, hujaa mpaka ukingoni. Anayeingia humo hupoteza fahamu upesi, akaanguka, na akiisha kuanguka uso wake umo katika sehemu mbaya kuliko zote.

Neno kubwa ni hili: anayeshuka kumwinua aliyeanguka, naye huanguka. Ndiyo sababu majirani walimshika mama yule. Mbele ya macho ya mgeni wangeonekana watu wasio na huruma. Kumbe walikuwa wakiokoa mama wa watoto waliosalia.

Mahali pengine wataalamu wa volkano wamesimamisha mabango yenye picha ya fuvu. Lakini mabango huibiwa, huanguka, hufunikwa na majani. Ulinzi ulio imara zaidi ni ule wa mdomo na sikio: mzee amwambie mtoto, mtoto amwambie mgeni.

ZIWA NA MZEE

Jua lilipokuwa juu nilikwenda ziwani pamoja na mwenyeji wangu na mzee mmoja jirani yake. Sikuthubutu tena kutangulia! Ziwa limekaa ndani ya bakuli la kilima, maji yake yametulia, kijani kabisa. Zamani zile moto wa chini ulikutana na maji, mvuke ukapasua nchi kwa kishindo, shimo likabaki, maji yakalijaza.

Nilimwuliza mzee kwa nini watu wanakaa mahali kama hapa. Alinitazama kwa upole. “Mwanangu, wengi wetu tulitoka Masisi kwa ajili ya vita. Bunduki huwezi kuiuliza italala wapi usiku. Mazuku tunajua zinalala wapi.” Akanionyesha: hapa hapajengwi, pale mbuzi hafungwi usiku, katika nyumba ya bondeni kitanda huinuliwa, wala mtoto halazwi sakafuni. Alikuwa na ramani nzima kichwani mwake.

Akanikumbusha pia mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Goma kwa mamia ya maelfu. Wengi walipiga kambi Mugunga, jirani na mtaa huu. Kipindupindu kiliwaua kwa wingi, na ardhi ya makoro ilikataa kuchimbwa makaburi. Wengine walikufa kwa mazuku, kwa kuwa walikuwa wageni.

YALIYOFUATA

Tangu siku zile Goma imepata mengi. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka tena, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Halafu vita vikazidi, na watu waliokimbia wakapiga mahema hata Lac Vert. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, yakaua watu, wakiwamo watoto. Mwezi wa Januari 2025 mji ulitekwa na kundi la M23, na mwezi uliofuata kambi zikavunjwa.

Katika barua yake moja, mwenyeji wangu alinipa habari ya mtoto yule wa bidoni, ambaye sasa ni kijana. Mahema yalipokuwa yakisimamishwa, alizunguka jioni hata jioni, akiwaonyesha akina mama mabonde wasikotakiwa kuwatuma watoto. Hakuna aliyemwajiri. Mwenyeji aliwaponya wageni.

Basi, wasomaji wapenzi, kila mtaa wa zamani una elimu yake, na elimu hiyo aghalabu haimo vitabuni. Ukifika ugenini, usitangulize macho yako wala shahada yako. Tanguliza salamu, kisha uliza. Nanyi wazazi na walimu mkaao karibu na hatari, ya mlima, ya mto au ya bonde, msione haya kuwasimulia watoto mara mia. Mtoto mmoja aliyesimuliwa vema ndiye aliyenifanya niwe hai hata leo, nikiandika maneno haya.